Voisi ya sekunde 18

Alokuja nyumbani kwangu ni mamake mdogo wa yule mtoto, na alikuja baada ya magharibi, saa ambazo mtu haji mlangoni kwa mtu ila ana jambo. Nikamwambia pita ndani, akakataa, akakaa pale dakani na buibui lake akaniambia, "Dadangu, sikuja kuteta. Nimekuja usikize kitu." Akatoa simu. Wallahi nilidhani kuna msiba.

Ilikuwa voisi ya WhatsApp, sekunde 18. Mtoto wa kiume anasoma kitabu darasani, anafika kwa neno linaloanza na "m" linamkwama, mmm, mmm, mmm, na nyuma yake unasikia watoto wanacheka, alafu sauti nyengine inamuigiza vile vile, mmm, mmm, mmm, na kicheko kinapanda. Ile sauti ya pili sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ni mwanangu. Nlimzaa mimi, sauti yake naijua hata akiwa juu darini na mimi niko jikoni.

Nimekaa na hii habari miezi kadhaa nikijiuliza niandike au niache, manake kila nikitafuta kwa simu maneno ya wazazi kuhusu watoto kuonewa shuleni napata ya wale wazazi wa anayeonewa, na ni haki yao, lakini yule anayeonea pia ana mama, na sisi kina mama wa upande huu tunanyamaza kwa aibu, na tukinyamaza hakuna kinachotengenezeka.

Huyo mtoto ametoka kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, wazazi wake wamemleta Amu, yaani mji wa Lamu, akae kwa mamake mdogo asome huku. Yuko gredi ya tano, darasa moja na mwanangu. Ana kigugumizi tangu ameanza kusema. Mamake mdogo akanihadithia pale dakani, taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba kwa muda wa mwezi mzima kila Jumapili usiku mtoto anashikwa na tumbo, Ijumaa mchana tumbo limepona. Mahamri anayopewa asubuhi yanarudi kwenye mkoba kama yalivyoenda. Ameanza kukojoa kitandani na alikuwa ameacha zamani. Na kingine, ambacho ndicho kilichonikata maini, ni kwamba alikuwa anachelewa kurudi, wakadhani anacheza, kumbe ameacha kupita Usita wa Mui, ile njia kuu ya kati ya mji, anazunguka mpaka pwani anakaa karibu na wenye mashua mpaka wenzake wote wawe washafika makwao. Mnaojua Amu mnajua vichochoro vyetu, punda mwenye shehena akija wewe unajibanza ukutani apite. Ukikutana na watu usowataka huna pa kupinda. Kwa hivyo mtoto wa miaka 10 akaenda kutafuta mahali penye watu wazima akakaa kando yao, hakuwaambia kitu, na wala hakuna alomuuliza.

Alipoondoka yule dada nlimpiga mwanangu. Nlimpiga kwa kandambili na kwa maneno pia, na nalisema hili wazi kwa sababu ndipo nilipokosea mwanzo. Kesho yake wakati wa brek alimfuata yule mtoto mferejini akamsukuma, akamwaga maji yake, akamwambia wewe ni mbea, umeenda kusema. Kwa hivyo kile kipigo changu kilipita tu kwa mwanangu kikaenda kutua kwa mwana wa mwenzangu. Nami nilikuwa nimelala usiku ule nikidhani nimefanya kazi yangu kama mzazi.

Ndo nikaenda shuleni. Kuna mwalimu pale anashughulika na ushauri nasaha, mtu mpole, nikamweleza yote nikiwa nalia, nikangoja aniulize mbona mwanangu ana tabia hii. Hakuniuliza. Aliniuliza, "Mama, kwenye hiyo voisi, wanaocheka ni wangapi?" Sikujua. Tukaisikiliza pamoja mara mbili. Wanne, labda watano.

Huyu mwalimu alinisomesha, nasema kweli. Alinambia si kila ugomvi wa watoto ni kuonewa. Watoto wawili wakipigania mpira leo wakasameheana kesho, huo ni ugomvi, watoto wanajifunza kuishi. Kuonewa kuna alama tatu, na aliyezipanga vizuri ni msomi mmoja Mswidi, Dan Olweus, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Bergen kule Norwe na akaanza kuchunguza mambo haya tangu miaka ya 1970. Alama ya kwanza, mtu anafanya kusudi. Ya pili, inarudiwa. Ya tatu, nguvu hazilingani. Watu hawakumjali sana mpaka mwisho wa 1982, wavulana watatu kaskazini mwa Norwe walipojitoa uhai na ikaonekana sababu kubwa ni vile walivyokuwa wakionewa na wenzao, mwaka uliofuata ndipo serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima mashuleni. Watoto watatu. Nlipoambiwa hivo nikamkumbuka yule aliyekaa pwani peke yake, mwili ukanisisimka.

Hiyo alama ya tatu ndo nlokuwa siielewi, kwa sababu mwanangu kwa mwili ni mdogo kuliko yule mtoto, nikasema sasa nguvu gani. Mwalimu akanambia hesabu upya mama. Mwanangu amezaliwa mtaa huu, ana kaka, ana binamu kila nyumba, lafudhi yake ndo lafudhi ya kila mtu, anajua kila mlango na kila mzee anamjua kwa jina la babu yake. Mwenzake ni mgeni, hana kaka hapa, anasema kwa lahaja ya kwao ambayo watoto wa hapa wanaifanyia shere hata bila kigugumizi, na kigugumizi juu yake. Nguvu si misuli. Na kuhusu kurudiwa, voisi imerekodiwa mara moja, lakini kila ikitumwa kwenye simu nyengine na ikichezwa, mtoto ameonewa tena, tena pengine amelala kwao hana habari.

Kulikuwa na mwalimu mwengine alitaka mambo yaishe haraka, waitwe wote wawili ofisini washikane mikono, basi. Nadhani shule nyingi hufanya hivi na wazazi tunafurahi kwa sababu imekwisha. Yule wa ushauri akakataa, na sasa namshukuru. Kushikana mikono ni kwa waliogombana wakiwa sawa. Ukimkalisha aliyeonewa uso kwa uso na aliyemuonea mbele ya watu wazima, atasema nimesamehe kwa sababu hana njia nyengine, na wakitoka mlangoni yule aliyemuonea anamlipiza. Wahojiwe mbali mbali, kila mmoja na wakati wake.

Sasa nirudi kwa wale waliocheka, manake hapa mimi mwenyewe nina deni la zamani.

Nlipokuwa darasa la nne kulikuwa na msichana darasani kwetu alikuwa na ugonjwa wa sikio, linatoa maji, na maji yana harufu. Watoto wengi huugua hivyo, inataka dawa tu na kukaushwa na kupelekwa hospitali. Sisi tulikuwa tukiziba pua akipita. Aliyeanza hakuwa mimi, jina la kumtania sikulitunga mimi, hata sikumwambia neno moja baya, na kwa miaka mingi nikijiona sina dhambi. Nilikuwa nikicheka tu. Nikiziba pua kwa sababu wote wameziba, na ukiwa huzibi utaambiwa wewe rafiki yake. Baadaye kwao wakahamia Malindi, ikaisha.

Tukakutana harusini, watu wazima, wote tuna watoto. Tukakumbatiana, tukala, mbele huko nikataka kumuomba radhi nikawa nazunguka zunguka maneno, akanikata, akanambia mwenzangu nakumbuka yote. Akanambia yule aliyelitunga lile jina hata sikuwa nikimuangalia. "Nilikuwa nikihesabu wasiocheka." Siku nyingi alikuwa mmoja tu. Msichana mmoja mkimya ambaye hakuwahi kumtetea kwa mdomo, ila wakati wa brek alikuwa anakaa naye, basi, wanakula mabuyu wananyamaza. Akanambia kama si yule angeacha shule.

Nlimhadithia mwalimu kisa hiki naye hakushangaa. Kuna profesa wa Ufini, Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku, yeye na wenzake mwaka 1996 walieleza kwamba uonevu una zaidi ya watu wawili, kuna anayeanza, kuna wasaidizi, kuna wanaochochea kwa kicheko, kuna wanaojitenga kando, kuna watetezi. Wafini wakajenga juu ya hayo mpango wa shule unaitwa KiVa, ambao kazi yake kubwa ni kulifanyia kazi darasa zima badala ya kumkimbiza mtoto mmoja. Na kule Toronto, Kanada, watafiti waliwachunguza watoto kwenye viwanja vya kuchezea, utafiti ulitoka 2001, wakakuta karibu mara 9 katika kila 10 wenzao wapo wanatazama, ni wachache sana wanaoingilia kati, lakini mtoto akiingilia, zaidi ya nusu ya mara jambo linasimama ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Ile voisi ni 18.

Kwa hivo mkiniuliza leo watoto wangu nawafunza nini, huyu mdogo wa kike ambaye hajamuonea mtu wala hajaonewa, namwambia usicheke. Hulazimiki kupigana, hulazimiki kumkabili mkubwa, lakini usicheke, nenda ukakae na yule mtu, alafu uje uniambie. Kuja kuniambia ili mtu asaidiwe si umbea, na nimemrudia hili mpaka amechoka.

Lakini mwanangu mwenyewe je, kwa nini alifanya? Hapa nataka niseme kwa uangalifu. Mwanzo nilikuwa natafuta kidonda. Nikasema labda na yeye kuna anayemuonea, na kweli nilikipata kitu. Wenzake wote wanaruka gatini maji yakijaa, yeye anaogopa, na binamu zake wakubwa wamempachika jina kwa hilo, na hilo jina linaitwa hata humu nyumbani, tunacheka wote mezani, mimi nikiwemo. Sisi Waamu tunapeana majina kama salamu, tunaona ni mapenzi, na mara nyingi ni mapenzi kweli. Ila hatumuulizi mwenye jina. Nlipomuuliza mwanangu kama linamuuma alinyamaza muda mrefu akasema, "Kidogo." Lile jina sasa halitajwi kwangu, hata shemeji zangu wameona nazidisha, waone tu.

Nlitamani mambo yaishie hapo, kwamba aliumizwa ndo maana akaumiza, ni hadithi inayompendeza mama. Siyo yote. Mwalimu alinambia watoto wengi wanaoonea wenzao hawajioni duni hata kidogo, wanatafuta cheo mbele ya wenzao na wanakipata. Nikamuuliza mwanangu usiku mmoja taa imezimwa, manake gizani anasema zaidi, ulikuwa unasikiaje ukimuigiza? Akanambia ukweli, na mpaka leo namheshimu kwa ule ukweli. Akasema, "Nilikuwa nasikia raha, mama, wote wakiniangalia." Alafu akasema siku moja yule mtoto alilia na yeye akasikia vibaya, lakini wenzake wakamwambia fanya tena, akafanya tena.

Hiyo fanya tena ndo ugonjwa wenyewe.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Simu ya kaka yake haishiki tena. Ile voisi, mamake mdogo alibaki na kopi moja kama ushahidi, na nawaambia wazazi wa anayeonewa msifute kitu kwa hasira, wekeni, andikeni na tarehe. Kopi nyengine zote mwanangu alienda kuzifuta nyumba kwa nyumba. Zilikuwa nyumba saba. Anabisha hodi, anasema ile hotuba yake, "Nimekuja kuomba mufute ile voisi ya darasani, mimi ndo nlorekodi, nimekosea," nami nimesimama nyuma yake sisemi kitu. Nyumba ya kwanza sauti haikutoka. Nyumba ya tatu baba mmoja akacheka akanambia mbona wamuaibisha kijana kwa jambo dogo la kitoto, nikamwambia ami, tafadhali ifute tu. Nyumba ya tano mama mtu alikuwa hajui hata kama iko kwenye simu yake, akaifungua pale pale mlangoni akaisikiliza, ikafika pale kwenye kicheko nikamuona uso unabadilika. Kacheka mwanawe. Hakusema neno, akafuta, akaita jina la mwanawe ndani, sisi tukaondoka. Kurudi nyumbani mwanangu alikuwa analia kichochoro kizima nikamshika mkono, ana miaka 11 na hataki kushikwa mkono mbele za watu lakini siku ile aliuacha.

Kwa upande wa yule mtoto mwengine sikuwa na haki ya kuingilia sana, nayajua niliyoambiwa na mamake mdogo. Wao hawakumwambia "mrudishie", hawakumwambia "wapuuze", maneno mawili ambayo watu wazima tunayapenda sana kwa sababu yanatutua sisi mzigo. Walimwambia tunakuamini, na si kosa lako. Mwalimu wa darasa akaanza kuwasomesha darasa zima wawili wawili kwa sauti, kila mtoto, ili asionekane yeye peke yake ndo amepewa dawa, na kigugumizi kina jambo hili la ajabu, mtu akisoma pamoja na mwenzake au akiimba mara nyingi kinapungua sana au hakipo kabisa. Maalim wa chuoni, yaani madrasa, alikuwa ameshaliona hilo zamani, kwenye kasida mtoto yuko sawa sawa na wenzake, sauti safi. Na wote walioko karibu naye wameambiwa wasimmalizie neno, wasimwambie vuta pumzi, wasimwambie pole pole, wamngojee tu huku wakimuangalia kama wanavyomuangalia mtu yeyote anayezungumza. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaomalizia watu maneno, nikidhani ni wema.

Niseme na haya kwa haraka kwa atakayeyahitaji. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili wa aina zote, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 inakataza mtoto kupigwa au kusumbuliwa kiakili, kwa hivo mkienda shuleni hamuendi kuomba fadhila. Namba ya simu 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga au mzazi. Na ukisikia mtoto wako anasema hataki kuishi, au anasema maneno yanayokaribia hayo, usingoje Jumatatu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimuache peke yake.

Kitu kimoja kilinifunza kuliko vyote. Mwalimu alimuuliza yule mtoto, wewe unataka nini kifanyike? Wote tulidhani atasema aombwe radhi. Hakutaka radhi. Hakutaka urafiki wala zawadi. Alisema anataka kupita Usita wa Mui akirudi nyumbani na asikutane nao. Kwa nini tumezoea kumwambia anayeonewa ndiye abadilishe njia, abadilishe kiti, abadilishe darasa, ahame shule? Ikaamuliwa wanaobadilisha njia ni mwanangu na wenzake wawili. Yule mtoto anatoka kwanza, anapita kati ya mji kama watu, na mwanangu anatoka robo saa baadaye anazunguka kwa pwani, njia ile ile ndefu ambayo mwenzake aliizunguka mwezi mzima.

Wiki za mwanzo alilalamika sana, jua kali, mbali, wenzangu wananicheka. Nikamwambia najua, pita. Siku nyengine natoka naenda kumpokea, tunatembea tukiangalia mashua zinavyoingia, na huko ndo tumezungumza mambo ambayo hatujawahi kuyazungumza. Sai kashazoea. Siku moja aliniuliza, "Mama, nitapita huku mpaka lini?" Nikamwambia mimi sijui, si mimi wa kusema.

Juzi nimekutana na yule dada sokoni, tukasalimiana, nikamuuliza kijana wako ajambo? Akasema tumbo limepona, mahamri sasa hayamtoshi, anataka ya kuwapa marafiki. Alafu akasema mtoto alimuuliza kama yule kijana bado anapita pwani, akamwambia ndio bado anapita. Mtoto akafikiri kidogo akasema, basi aendelee kwanza.

Anaendelea.